Malagarasi, Mto Unaozunguka

Mito mingi ya milima yetu ya Buha ina haraka. Luiche, kwa mfano, hushuka hadi Ziwa Tanganyika, jirani na Ujiji, bila ya kupoteza njia. Malagarasi una tabia nyingine. Huanzia nyanda za juu za mpaka wa Tanzania na Burundi, mahali ambapo ziwa si mbali kwa upande wa magharibi, lakini huligeuzia ziwa kisogo. Huelekea kaskazini mashariki, huteremka kusini kupitia upande wa Kibondo hadi kwenye mabwawa makubwa, kisha hugeuka magharibi, ukapita Uvinza na kuingia ziwani huko Ilagala. Ni mwendo wa kilomita 475 hivi. Mtu akiufuata kwa miguu, halafu akarudi kwa barabara ya Kigoma na Manyovu, atakuwa amekamilisha duara: milima, misitu ya miyombo, mafunjo, ufuko wa ziwa, na milima tena.

Ndugu msomaji, wageni wanaolitembelea bonde hilo husifu nzohe, mamba, na yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Wana haki ya kusifu. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, yenye zaidi ya hekta milioni tatu, iliwekwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Lakini nimewasikia wengi, hata vijana wetu wenyewe, wakisema kwamba huko ni pori tupu tangu Mungu aumbe dunia. Hapo ndipo mwalimu wa historia hana budi kusimama.

Tazama Uvinza. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chumvi haichemki bila kuni, bila vyungu, wala bila njia za kuisafirisha. Waliokuja kuinunua walikanyaga njia katika misitu hiyo muda mrefu kabla ya ramani yoyote.

Tazama pia Novemba 1871. Stanley, akimtafuta Livingstone, aliuvuka Malagarasi akaingia Buha. Watemi walimdai hongo mara kwa mara, mpaka akaamua kuwatoroka: msafara wake ukaondoka usiku, kimya kimya, ukapita vichakani. Najiuliza: mtu hutorokaje usiku katika nchi isiyo na wenyewe? Hofu yake ni ushahidi kwamba kila kivuko na kila kijia kilikuwa na mwangalizi.

Basi watu hao walikwenda wapi? Malale ni sehemu ya jibu. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka maeneo ya mbung'o, ikawakusanya katika makazi ya pamoja. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na uliua. Lakini shamba likiachwa, miti hurudi. Mbung'o na wanyama nao hufuata miti. Kisha, kuanzia mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vilivyopangwa. Nilikuwa kijana wakati huo. Nakumbuka wazee wakitaja mahame yao, jina kwa jina: hapa palikuwa kwa fulani, pale penye mwembe palikuwa na soko.

Sisemi haya kwa kupinga hifadhi. Mafunjo yale huchuja maji, huzaa samaki, na hulinda ziwa lisijae tope. Yakiharibiwa, tutaumia sote, mvuvi wa Ilagala akiwa wa kwanza. Nasema tu kwamba kuhifadhi msitu na kufuta watu ni mambo mawili tofauti. Mtoto akifundishwa kuwa hapa hapakuwa na mtu, kesho ataambiwa kwamba hata yeye si wa hapa, naye hatakuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, wewe utakayebahatika kutembea sehemu ya duara hilo, tazama ndege, lakini tazama na chini pia. Ukikuta mwembe peke yake katikati ya miyombo, jua haukuota wenyewe. Muulize mzee wa kijiji cha jirani jina la mahali hapo, uliandike, na tarehe uliyoambiwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na majina hayo hayamo katika ramani.