Fundi wa Kericho na Matope ya Masika

Mpemba aliyewahi kusukuma gari lililozama kwenye njia ya shamba la karafuu anajua kuwa masika haiangalii bei ya gari. Ng'ambo ya mkondo wetu, kilomita 50 hivi, masika hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mwamuzi wa mbio za magari za Safari.

Zilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikahamia Pasaka, mvua inapopamba moto. Madereva walipanda Usambara, wakateleza Mbulu, wakakesha usiku kucha wakichimbua magurudumu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu.

Aliyeyajua matope hayo kuliko wengi ni Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi: alikulia gerejini kwa baba yake, akishika spana. Hapo ndipo ilipo siri yake. Wengine walilikimbiza gari mpaka likavunjika. Yeye alisikiliza injini, akajua lini aikaze na lini aihurumie.

Mwaka 1965 aliingia na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Umbo lake lilikuwa la kizamani, na mwaka huo huo kiwanda kiliacha kuliunda. Wakapewa namba 1. Maana yake ni kutangulia njiani, kukuta kila dimbwi halijapimwa na mtu. Wakatangulia kuondoka, wakatangulia kurudi, na aliyewafuata kwa matokeo walimpita kwa zaidi ya saa nzima!

Ushindi huo haukuwa wa pekee kwa wenyeji. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Viwanda vya Ulaya vilileta mabingwa wao kila mwaka, lakini mpaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda, hakuna mgeni aliyeondoka na kombe.

Joginder hakuwa amemaliza. Mwaka 1974, akiwa na David Doig kama msoma ramani, alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo, na Porsche ya Björn Waldegård ikaja ya pili. Akarudia 1976, Mitsubishi wakichukua nafasi zote tatu za juu. Hakuna aliyekuwa ameshinda mara tatu kabla yake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ndiye aliyekuja kuivuka rekodi hiyo kwa kufikisha mara tano.

Wakenya walimwita Simba. Alifariki London mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Katika Safari 22 alizoshiriki, gari lake lilifika mwisho mara 19.