Mwambao wa Kigoma katika Picha Pana

Mvua ikikatika na hewa ikitakata, simu za watu wa Kigoma hujaa picha pana: ghuba yote, bandari, mitumbwi ya Kibirizi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika milima ya Kongo, ambayo wakati wa kiangazi hufichwa na moshi wa moto wa nyika. Picha hizo hurushwa mtandaoni, husifiwa siku mbili tatu, kisha husahauliwa. Mimi naziona kuwa kumbukumbu ya kihistoria, na nzito kuliko wapigaji wenyewe wanavyodhani. Mwambao huu haujawahi kutulia mahali pamoja, na kwa muda mrefu walioandika habari za mabadiliko yake walikuwa wapita njia.

Tuwatazame wapita njia hao. John Speke alifika Ujiji, jirani na Kigoma, pamoja na Richard Burton mwezi Februari 1858, macho yakimuuma kiasi kwamba hakuweza kuliona ziwa sawasawa. Henry Stanley alikuja mwaka 1871 kumtafuta mpelelezi David Livingstone, akarudi mwaka 1876 akiwa na vifaa vya kupigia picha. Hata hivyo ushahidi wake bora kuhusu Ujiji ni wa maneno. Aliandika kwamba miti mitatu ya jamii ya mchikichi aliyoiacha sokoni sasa ilikuwa ndani ya ziwa, kama mita 30 kutoka ukingoni, na kwamba mchanga waliokuwa wakitembea juu yake asubuhi na Livingstone ulikuwa umezama. Maji yalipanda kwa sababu Mto Lukuga, unaoyatoa kuelekea Mto Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na matete. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Anayesimama leo kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji, akaupima kwa macho umbali hadi majini, hawezi kukisia habari hiyo. Wajerumani nao, walipofikisha reli Kigoma mwaka 1914 na kuiunganisha meli ya Graf von Götzen, ndiyo Liemba yetu, walishughulika na vyuma vyao. Sijui hata mfululizo mmoja wa picha za mwambao mzima, zilizopigwa kutoka kilima kilekile mwaka baada ya mwaka katika zama hizo.

Atatokea wa kusema kwamba anayepiga picha kwa kupenda uzuri hakusanyi ushahidi. Milima ya Rwenzori inamjibu. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda milima hiyo katika msafara wa Duke wa Abruzzi, akiwa na kamera nzito, akapiga mandhari kipande kwa kipande ili vipande viungane kuwa picha moja ndefu. Alikuwa mpenda milima aliyetaka vilele vionekane katika fahari yao. Barafu iliyokuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6 wakati ule ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba kufikia mwaka 2003, na picha zake ni miongoni mwa vitu vinavyotuonyesha kilichopotea. Uzuri haukuzipunguzia ukweli. Ndio uliomfanya aangalie kila ufa wa barafu kwa makini.

Pingamizi zito zaidi linahusu satelaiti, kwamba zinaona kila kitu bila mtu kupanda kilima. Ni kweli zimeisaidia Kigoma. Picha za satelaiti za 1972 na 1999 zilipolinganishwa, ilionekana wazi jinsi msitu ulivyotoweka kuizunguka Hifadhi ya Gombe, huku ndani ya hifadhi miti ikibaki. Lakini katika picha za kawaida za satelaiti za Landsat nukta moja ina upana wa mita 30, yaani umbali uleule wa miti ya Stanley kutoka ukingoni. Badiliko lililoufanya ufukwe wa Ujiji usitambulike lingeingia lote katika nukta moja. Maji yalipopanda tena miaka ya karibuni na kuingia katika makazi ya pwani ya ziwa, picha ya kilimani ilikuwa na uwezo wa kuonyesha nyumba ipi imefikiwa, na ngazi ngapi za gati zimefunikwa.

Linabaki suala la kuaminika, na hapa wenye shaka wana hoja. Simu huunganisha vipande kwa kuvikunja, hata ufukwe ulionyooka ukapinda kama upinde. Rangi huongezwa hadi ziwa likawa la buluu isiyokuwapo. Na picha ikipitia WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za mahali na saa. Kasoro hizi zinaweza kupunguzwa bila gharama. Mpigaji azungushe simu pale pale aliposimama bila kusogea, aihifadhi picha asilia kabla ya kuipamba, na chini yake aandike tarehe na jina la kilima. Akirudi mwakani asimame pale pale, jiwe lilelile au mti uleule ukiwa pembeni mwa picha, ili atakayelinganisha awe na alama ya kupimia.