Sauti inavyopima mashapo chini ya bahari

WATAFITI wanaotafuta mafuta na gesi katika bahari kuu ya Tanzania hawaoni kilichomo chini ya sakafu ya bahari. Hutuma sauti, kisha husubiri mwangwi wake.

Hata hivyo, mwangwi hutoa muda tu, hautoi kina. Ili muda huo ugeuzwe kuwa mita, sharti ijulikane kasi ya sauti ndani ya mashapo, yaani matope, mchanga na mabaki ya viumbe yaliyotuama kwa mamilioni ya miaka.

Katika maji ya bahari, sauti husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde. Katika tope laini lililojaa maji, kasi hukaribiana na hiyo, na wakati mwingine hupungua kidogo. Mchanga huipitisha kwa kasi zaidi, na chokaa iliyoshindiliwa hadi kuwa mwamba yaweza kuipitisha kwa mita 3,000 kwa sekunde au zaidi. Mapovu machache tu ya gesi ndani ya tope huipunguza sana kasi hiyo.

Tuseme mwangwi wa tabaka fulani umetumia sekunde 2 kwenda na kurudi ndani ya mashapo. Kasi ikiwa mita 1,600 kwa sekunde, tabaka hilo liko mita 1,600 chini ya sakafu ya bahari. Kasi ikiwa mita 2,000, liko mita 2,000. Tofauti hiyo ya mita 400 si ndogo, kwani kisima kimoja cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola za Marekani.

Kasi hiyo hupimwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuchukua sampuli ya mashapo kwa bomba na kupitisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Matokeo hurekebishwa, kwa kuwa shinikizo na joto hubadilika sampuli inapotolewa chini.

Ya pili hutumia meli inayovuta mizinga ya hewa iliyobanwa pamoja na kamba ndefu yenye vipokea sauti. Kipokezi cha mbali hupata mwangwi baada ya kile cha karibu, na kiasi cha kuchelewa huko ndicho kinachofichua kasi.

Ya tatu ni kushusha vyombo ndani ya kisima kilichokwisha kuchimbwa. Hii ndiyo inayohakiki makadirio ya meli.

Katika kisima cha Zafarani, ambacho ugunduzi wake wa gesi ulitangazwa mwaka 2012 na kampuni ya Statoil ya Norway, ambayo sasa huitwa Equinor, maji peke yake yalikuwa na kina cha zaidi ya mita 2,500. Mashapo yalianzia hapo.

Njia hii haiishii baharini. Mwaka 1983 na 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipima Ziwa Tanganyika kwa mwangwi na kukuta mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Aidha, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limetumia mitetemo kuchunguza bonde la Eyasi Wembere, jirani na wilaya ya Mbulu mkoani Manyara.

Baharini, ziwani au nchi kavu, ramani ya mwangwi hubaki kuwa makadirio hadi kasi ipimwe ndani ya kisima chenyewe.