Buriram United: Timu ya shirika la umeme iliyohamishiwa mkoani, ikawa kigogo wa Thailand

Mei 2025, Buriram United ilibeba Kombe la Klabu Bingwa ASEAN, mashindano ya timu za Kusini Mashariki mwa Asia. Fainali ilikuwa ya kukata roho: sare ya 2-2 mjini Hanoi, kisha sare ya 3-3 nyumbani Buriram, na mwisho penalti zikaizamisha Cong An Hanoi ya Vietnam. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Thailand kutwaa taji hilo.

Msimu huohuo ilichukua ligi ya Thailand kwa mara ya nne mfululizo, pamoja na Kombe la FA na Kombe la Ligi. Makombe manne kwa msimu mmoja.

Sasa rudi nyuma hadi mwaka 2009. Mji wa Buriram haukuwa na timu yoyote ya ligi kuu. Mabingwa hawa hawakuzaliwa hapo, waliletwa. Hiyo ndiyo historia ambayo mashabiki wa Thailand bado wanabishana juu yake.

Ligi ya mabenki na mashirika

Ligi kuu ya Thailand ilianza mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa ligi ya Bangkok na taasisi zake: benki, jeshi, polisi, bandari, kampuni ya tumbaku na shirika la simu. Baadhi ya timu hizo zilikuwa moto kweli. Thai Farmers Bank ilitwaa ubingwa wa klabu za Asia mara mbili mfululizo, 1994 na 1995. Lakini mwajiri akichoka, timu inakufa. Thai Farmers Bank ilivunjwa mwaka 2000.

Mikoani kulikuwa na ligi yao pembeni. Huko ndiko mashabiki walikokuwa wakijaa, kwa sababu timu ilibeba jina la nyumbani kwao. Ligi hizo mbili zilipounganishwa kikamilifu mwaka 2007, ubingwa wa msimu huo ulienda Chonburi, timu ya mkoani. Ujumbe ukaeleweka: mpira wa Thailand ulikuwa unahama ofisini kwenda mtaani.

Kisha Shirikisho la Soka Asia, AFC, likakaza masharti. Klabu za kulipwa zilitakiwa kuwa kampuni zinazojitegemea, si idara ya shirika fulani. Timu nyingi za taasisi zikajikuta sokoni.

Vijana wa umeme

Mojawapo ilikuwa timu ya PEA, mamlaka ya serikali inayosambaza umeme nje ya eneo la Bangkok. Ilianzishwa mwaka 1970. Haikuwa na mashabiki wengi, ila uwanjani haikuwa timu ya kubeza.

Ilimaliza ya pili ligi kuu msimu wa 2004-05 na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Asia ya 2006. Ikaipoteza kizembe: PEA na timu ya kampuni ya tumbaku ziliondolewa kwa kuchelewa kuwasilisha usajili wa wachezaji. Nchi nzima ikakosa mwakilishi kwa sababu ya makaratasi.

Mwaka 2008 PEA ikatwaa ubingwa wa Thailand. Mwaka uliofuata ilijaribu tena Asia, ikaishia kwenye mchujo mbele ya Singapore Armed Forces. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Ayutthaya, mji wa kale ulio kaskazini ya Bangkok.

Mwanasiasa aliyefungiwa

Hapo ndipo anaingia Newin Chidchob. Ni mwanasiasa mzito wa mkoa wa Buriram, na baba yake, Chai Chidchob, alikuwa Spika wa Bunge. Mei 2007 mahakama ilikivunja chama cha Thai Rak Thai cha Thaksin Shinawatra na kuwafungia viongozi wake 111 kujihusisha na siasa kwa miaka mitano. Newin alikuwa mmoja wao.

Kufungiwa hakukummaliza. Mwishoni mwa 2008 kundi lake la wabunge lilimtosa Thaksin na kumsaidia Abhisit Vejjajiva kuwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja baadaye akageukia mpira. Mwishoni mwa 2009 aliichukua PEA na kuihamishia Buriram, kama kilomita 400 kutoka Bangkok. Msimu wa 2010 ikaanza na jina jipya: Buriram PEA.

Kwa Ayutthaya ilikuwa kama kuamka asubuhi na kukuta jirani amehama na mlango wa nyumba yenu. Kwa Buriram ilikuwa bahati ya mtende.

Mkoa huo uko Isan, ukanda wa kaskazini mashariki unaopakana na Cambodia na Laos. Una watu takriban milioni 1.5, wengi wao wakulima wa mpunga, na vijana wengi huondoka kutafuta kazi Bangkok. Ukame wake uliwahi kuwa gumzo. Kuna msemo wa zamani wa Kithai kwamba watu wa Buriram hutwanga ndipo wapate maji ya kunywa. Mtu hakwenda Buriram kutalii, alipita tu.

Timu mbili, mji mmoja

Msimu wa kwanza timu ilimaliza ya pili nyuma ya Muangthong United. Mwaka 2011 ikazoa kila kitu cha nyumbani: ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi, chini ya kocha Attaphol Buspakom.

Wakati huohuo mji ulikuwa na timu ya pili, Buriram FC, iliyokuwa chini ya Karuna Chidchob, mke wa Newin. Hiyo ilipanda haraka kutoka ligi ya kanda, na mwaka 2011 ikawa bingwa wa daraja la kwanza.

Timu mbili za familia moja ligi kuu moja zingeleta maswali. Suluhisho lilikuwa kuziweka chini ya jina moja. Buriram PEA ikaachana na jina la shirika la umeme na kuwa Buriram United mwaka 2012, huku nafasi ya Buriram FC ikiuzwa kusini mwa nchi, ikazaliwa Songkhla United. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu Buriram ilipokea timu ya watu wengine, kisha ikasafirisha ya kwake.

Kwa nini 'Kasri la Radi'?

Jina la utani la klabu ni Prasat Sai Fa, yaani Kasri la Radi. Kasri ni Phanom Rung, hekalu la mawe lililojengwa enzi za dola ya Khmer juu ya volkano iliyozimika mkoani Buriram. Lipo kwenye nembo ya klabu. Radi ni kumbukumbu ya asili yake, timu ya umeme.

Uwanja nao huitwa hivyo. Ulifunguliwa mwaka 2011, unachukua mashabiki wapatao 32,600 na hauna njia ya riadha, hivyo jukwaa liko karibu kabisa na wachezaji. Awali uliitwa New I-Mobile Stadium, leo ni Chang Arena.

Mataji ya ligi, mwaka kwa mwaka

- 2008 (kama PEA)
- 2011 (kama Buriram PEA)
- 2013, 2014, 2015
- 2017, 2018
- 2021-22, 2022-23, 2023-24, 2024-25

Msimu wa 2015 ndio unaotajwa zaidi vijiweni. Chini ya Mbrazil Alexandre Gama, Buriram ilicheza mechi 34 za ligi bila kupoteza hata moja: ushindi 25, sare 9. Mbele alikuwepo straika Diogo Luís Santo, Mbrazil mwingine aliyekuwa akifumania nyavu apendavyo. Baadaye Mjapani Masatada Ishii aliipa mataji matatu ya nyumbani kwa misimu miwili mfululizo, 2021-22 na 2022-23.

Lakini si kila siku Ijumaa. Mwaka 2019 Buriram iliingia siku ya mwisho ya ligi ikiwa kileleni. Ikatoka sare 1-1 na Chiangmai, timu iliyokuwa inashuka daraja. Chiangrai United ikashinda 5-2 kwa Suphanburi. Zote zikamaliza na pointi 58, na taji likaenda Chiangrai kwa matokeo ya mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe. Timu nyingine ya mkoani, tena isiyo na mkwanja wa Buriram.

Asia waliisikia

Machi 2012 Buriram iliifunga Kashiwa Reysol, bingwa wa Japan, mabao 3-2, kisha ikaenda China na kuichapa Guangzhou Evergrande 2-1. Haikuvuka makundi, lakini heshima ilipatikana.

Mwaka 2013 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia baada ya kuitoa Bunyodkor ya Uzbekistan, kabla ya kusimamishwa na Esteghlal ya Iran. Msimu wa 2024-25 ilifika tena robo fainali, baada ya kuing'oa Johor ya Malaysia kwa bao moja tu katika mechi mbili.

Klabu pia imekuwa daraja la wachezaji. Winga wa Ghana, Frank Acheampong, alitokea hapo kwenda Anderlecht ya Ubelgiji mwaka 2013. Beki wa kushoto Theerathon Bunmathan aliondoka, akatwaa ubingwa wa Japan na Yokohama F. Marinos mwaka 2019, kisha akarudi. Suphanat Mueanta alianza kufunga ligi kuu mwaka 2018 akiwa na miaka 15. Mwaka 2023 akaenda OH Leuven ya Ubelgiji, mwaka mmoja baada ya kaka yake, Supachok Sarachat, kujiunga na Consadole Sapporo ya Japan.

Mpira ulivyoubadili mji

Pembeni ya uwanja Newin alijenga Chang International Circuit, njia ya mbio za magari na pikipiki iliyofunguliwa Oktoba 2014. MotoGP ilifika mwaka 2018, na watu zaidi ya 220,000 walihesabiwa kwa siku tatu. Hoteli zikaongezeka, mojawapo ikiwa na mandhari ya mpira ndani yake. Kuna mbio za marathoni, na karibu na uwanja limejengwa eneo la maduka lenye mfano wa hekalu la Phanom Rung.

Siku ya mechi, jezi za bluu iliyokoza huvaliwa na bibi wa sokoni hadi mtoto wa shule. Mji uliokuwa wa kupita umekuwa wa kufikia. Hata wanaompinga Newin kisiasa hupata shida kukanusha hilo.

Deni ambalo halijalipwa

Kuna mambo mawili yanayoning'inia juu ya kasri hili.

La kwanza ni ardhi. Shirika la Reli la Thailand linadai kuwa eneo la Khao Kradong, rai 5,083 au kama ekari 2,000, ni mali yake. Ndani ya eneo hilo kuna uwanja, njia ya mbio na makazi ya watu wengi. Mahakama zimewahi kuipa Reli ushindi kwenye kesi kadhaa, lakini mwishoni mwa 2024 Idara ya Ardhi ilikataa kufuta hati zilizopo. Upande wa akina Chidchob unasisitiza kuwa hati zao ni halali. Mgogoro uligeuka wa kitaifa, hasa kwa kuwa chama chenye ngome Buriram, Bhumjaithai, kimekua hadi kiongozi wake, Anutin Charnvirakul, kuwa Waziri Mkuu Septemba 2025.

La pili ni mtu mmoja. Newin ndiye anayeajiri makocha, ndiye anayewatimua, na mara nyingi ndiye sauti ya klabu. Timu za taasisi zilikufa mwajiri alipochoka. Buriram imeondoka kwa mwajiri ikaingia kwa familia.

Tofauti ni kwamba safari hii kuna mashabiki. PEA ilipohama, ni wachache waliolia. Leo Buriram United ikiguswa, mkoa mzima utasimama. Klabu iliyonunuliwa imepata wenyewe, ingawa wenyewe hao hawana saini kwenye karatasi yoyote.