Daftari la saa za dunia

Ukiiuliza simu yako ni saa ngapi, itakujibu bila kusita. Wengi hudhani inajua saa kama jogoo ajuavyo alfajiri. Sivyo. Ndani ya kompyuta nyingi, wakati ni hesabu tu ya sekunde zilizopita tangu usiku wa kuamkia Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Kuigeuza hesabu hiyo iwe saa ya Nairobi au Beirut kunahitaji kujua serikali ya mahali hapo imeamua nini. Sisi tunaosema saa moja pale saa ya ukutani inapoonyesha saba twalijua hilo tangu zamani: saa ni mapatano ya watu. Na mapatano yasiyoandikwa hupotea.

Hapo mwanzo hayakuandikwa mahali pa maana. Katika toleo la mfumo wa Unix lililotoka maabara za Bell mwaka 1979, kanuni za kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi zilikuwa ndani ya programu yenyewe, tena zilikuwa za Marekani. Mwaka 1986 Marekani ikabadili sheria, ili kuanzia 1987 saa za kiangazi zianze mapema zaidi, na programu za namna hiyo zikawa zimepitwa. Wakati huo huo Arthur David Olson, mfanyakazi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikuwa akisambaza njia nyingine. Kanuni ziondolewe ndani ya programu, ziwekwe pembeni katika majedwali yenye tarehe. Sheria ikibadilika, hubadilishwa jedwali tu.

Watu wa nchi mbalimbali wakaanza kumpelekea masahihisho kwa kujitolea. Baadaye Paul Eggert, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akashika usukani. Leo maktaba za lugha za programu kama Java na Python huchota humo, na kupitia kwazo benki, viwanja vya ndege na simu za mikononi.

Sisi nasi tumo. Jedwali la Nairobi linaonyesha kwamba katika miaka ya mwisho ya 1930 saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, si saa 3 kama leo. Mwaka 2020 tarehe za Kenya zilisahihishwa, baada ya mchangiaji mmoja kupekua matangazo rasmi ya serikali ya kikoloni. Lakini sehemu ambazo saa zake zimelingana tangu 1970 huunganishwa. Kwa hiyo Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu huelekezwa kwenye jedwali la Nairobi. Kwa mambo ya leo hakuna ubaya. Ila ukiuliza saa ya Dar es Salaam ya mwaka 1925, kwa kawaida kompyuta hukujibu kwa historia ya Nairobi.

Daftari hili nusura lifungwe. Septemba 30, 2011, kampuni ya Astrolabe, inayouza programu za unajimu, iliwashtaki Olson na Eggert, ikidai haki juu ya tarehe za zamani zilizomo. Oktoba 6 daftari likaondolewa kwenye kompyuta lilikokaa. Siku chache baadaye shirika la ICANN likalichukua na kulitunza. Februari 2012 kampuni ikaondoa mashtaka na kukiri kwamba matukio ya historia si mali ya mtu.

Hatari iliyobaki ni serikali zenyewe. Mwaka 2016 Misri ilitangaza kurudisha saa za kiangazi Julai 7, kisha ikafuta uamuzi huo siku tatu kabla. Machi 23, 2023, serikali ya Lebanon iliahirisha badiliko la saa lililopangwa Machi 26, kwa sababu ya Ramadhani. Kanisa la Maroni likakataa kufuata, simu nyingine zikasogea na nyingine zisisogee, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili. Machi 27 serikali ikarudi nyuma.

Mimi hutangaza habari kwa saa, na najua msikilizaji hategi sikio mara ya pili akikuta taarifa imekwisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali inayotaka kugusa saa yatupasa tuidai taarifa ya miezi, si ya siku tatu. Na wasomi wetu wa historia wanaoshinda katika nyumba za kumbukumbu wafungue majalada ya Tanganyika, Uganda na Zanzibar, waandike walichokiona, wakipeleke. Daftari hupokea marekebisho ya mtu yeyote mwenye ushahidi, na kurasa zetu ndizo zenye mapengo.