Kurasa Zilizozaliwa Redio Zilipozimwa

Hapa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, naandikia wateja watatu: ushirika wa wakamuaji mawese, chama cha wavuvi na shule moja ya sekondari. Kila mmoja ana ukurasa wake wa Facebook na makundi yake ya WhatsApp, na yote nayaendesha kwa simu yangu hii ya laini mbili. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hudhani kazi hii ililetwa na semina za Bujumbura. Semina zilikuja baadaye. Kazi ilizaliwa mwaka 2015, tena ndani ya majuma machache.

Kabla ya hapo tangazo lilikuwa na njia zake. La karibu lilipita msikitini, kanisani, au kwa mwenye megafoni pale wavuvi wanaposhusha ndagala. La mbali, hasa la msiba, lilipelekwa Bujumbura, kilomita sabini na kitu, likasomwe redio ya taifa kwa Kirundi. Kisha zikaja redio za binafsi: RPA mwaka 2001, Isanganiro 2002, na Bonesha iliyokwisha kuwapo. Chama kikiwa na neno, ulimtafuta mwandishi wao, ukamweleza, na jioni milima yote imesikia. Msemaji mmoja alitosha.

Machi 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, wa 18. Mwezi huohuo Lumitel ikafungua huduma, laini zake zikazagaa. Furaha haikudumu. Mwishoni mwa Aprili, watu wa Bujumbura walipoingia barabarani kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, RPA ilifungwa, Isanganiro na Bonesha zikazuiwa zisisikike mikoani. Watu wa Bujumbura hulisahau hilo: wao waliendelea kuzisikia kwa muda, sisi zilikuwa zimeshatupotea. Facebook, Twitter na WhatsApp nazo zikafungwa kwenye simu, vijana wakafundishana kutumia VPN.

Tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kupitia redio za binafsi kwamba Rais ameondolewa. Kufikia kesho yake vituo vilikuwa vimechomwa na kuvunjwa, hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali. Lakini angalia Ikulu ilivyojibu: habari kwamba Nkurunziza amerudi nchini kutoka Dar es Salaam ilitoka kwenye akaunti yao ya Twitter. Nao waandishi waliobaki bila studio wakaunda SOS Médias Burundi, wakawa wanatoa habari kupitia mitandao. Mtawala na aliyenyamazishwa wakakutana kwenye kioo kilekile cha simu. Sisi wa vyama vidogo tukawafuata, maana tungekwenda wapi?

Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016, lakini watu walikuwa wameshatawanyika katika makundi, na kila kundi na lugha yake. Wa milimani, wenye michikichi, huwaandikia Kirundi. Maofisi na wafadhili, Kifaransa. Mjini na ufukweni ni Kiswahili, na hapo kuna historia ndefu zaidi: tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia huku kusini mwa nchi, kando ya ziwa, mauaji yakafuata, na maelfu wakakimbilia Tanzania, kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Wengi walianza kurudi mwaka 2008, wakakuta mashamba ya wazee wao yana wenyewe wapya. Tangazo lolote linalogusa ardhi au michikichi, nikiliandika kwa Kirundi peke yake, kesho yake naulizwa nani anafichwa nini.

Ndiyo maana sichanganyi kurasa. Ukurasa wa wavuvi hauweki bei ya mawese, hata kama wakamuaji ni majirani zao. Mtu wa hapa, kabla ya kusoma, huuliza kwanza nani anasema. Miaka ile ilimfundisha. Na saa ya kuandika nimejifunza ziwani, wala si kwenye zile takwimu ambazo Facebook huniletea. Wavuvi wa apolo, ile mitumbwi iliyounganishwa, huvutia ndagala kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza wako majini na simu zao ziko nyumbani. Mwezi ukipevuka, mwanga unawaharibia kazi, wanabaki nchi kavu. Mkutano wa chama hutangazwa siku hizo. Ukitangaza mwezi ukiwa mchanga, watakuja wauza taa na mafundi wa nyavu.

Tarehe 20 Mei 2020, siku ya kupiga kura, mitandao ilifungwa tena. Nilituma ujumbe mfupi kwa viongozi wa vikundi, na aliyekuwa na megafoni akapata kazi. Tangu siku hiyo kila mteja wangu ana orodha ya namba iliyoandikwa kwenye daftari, kwa kalamu.

Mwaka 2025 mikoa 18 ikawa mitano. Rumonge ikabaki tarafa ndani ya mkoa mpya wa Burunga, na nikalazimika kupita ukurasa kwa ukurasa kurekebisha anwani. Shule ilikubali siku hiyohiyo. Wavuvi walisema ziwa halina mkoa, niwaachie jina lao. Wa ushirika walijadiliana kwa muda mrefu, kwa sababu wanunuzi wa Bujumbura huagiza mawese ya Rumonge, na hakuna aliyewahi kuagiza mawese ya Burunga. Tumeweka mkoa mpya kwenye anwani, kwa herufi ndogo, na jina juu halikuguswa.