Uga Ghaibu, Si Uga wa Siri

Uga ghaibu ni kipengele cha fomu ya wavuti kinachobeba thamani bila kuonekana na mjazaji, mathalani jina la tangazo lililomfikisha hapo. Kimo katika HTML tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995. Orodha za istilahi zinazozagaa hukiita "uga wa siri". Jina hilo ni kosa, tena kosa la hatari. Thamani ya uga huu husomwa na yeyote anayefungua msimbo wa ukurasa. Mwanafunzi akiliamini jina, ataweka humo nywila, na lawama haitaifikia orodha iliyompotosha.

"Uga uliofichwa", chaguo la wanaojiona wajanja zaidi, halidanganyi ila linachanganya. Aliyejificha nyuma ya pazia bado amekalia sehemu ya chumba. Hali hiyo katika CSS ni visibility: hidden, ya mwaka 1998, na kitenzi chake kipo tayari: kusitiri, ndugu wa sitara. Display: none, iliyoitangulia mwaka 1996, haisitiri kitu; hukitoa kabisa katika mpangilio wa ukurasa. Vivinjari huupa uga huu hali hii ya pili.

Ghaibu hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutokuwapo machoni, na Kiswahili kimeulea vizuri. Asomaye kwa ghaibu ana maneno yote bila kitabu mbele yake. Aliye ughaibuni haketi barazani, lakini mchango wake wa harusi hufika. Uga huu nao haukalii nafasi, na thamani yake hufika kwenye seva. Wanaodai kwamba neno hili lina Uarabu mno wamesahau walikoitoa "siri".

Kwa hiyo, fomu yenye uga huu ikipachikwa katika ukurasa na pengo likaonekana, kwa kawaida pengo hilo si la uga wenyewe. Ni la kasha ambalo programu ya kuundia fomu huuzungushia, pamoja na pambizo zake: kiti kilichowekewa asiyekuja. Dawa ni kuliwekea kasha hilo display: none; thamani itaendelea kutumwa. Fremu iliyobeba fomu, ikiwa na kimo maalumu, haijipunguzi, hivyo kimo chake hurekebishwa peke yake.